Kiti ndani ya komiti ya chama: nani anakitoa, nani anaweza kukiondoa?

Chama kikitangaza kongre, picha za makandida zinaanza kutembea ku WhatsApp: koti, kravati, rangi za chama, na chini yake maneno «kandida kwa komiti ya taifa». Ni vile Bukavu, ni vile Butembo, Bunia, Uvira na Kindu. Kandida anafika ku seksyo, anasalimia wa mama na vijana, anaacha kitu kidogo cha kununua kinywaji, anaomba wamukumbuke. Watu wanapiga makofi. Mara chache sana mutu anasimama na kuuliza: hiyo komiti inafanya nini? Na siku ya kuchagua, nani njo atashika kalamu?

Swali hilo si la wanapolitike peke yao. Komiti ya chama njo inaamua nani ataandikwa ku liste ya wadepite, chama kitaungana na nani, na jina gani litasukumwa mbele wakati wa kugawa kazi za leta. Mukaaji wa Fizi ao wa Masisi ambaye hana kadi ya chama hata kimoja, naye anaishi na matokeo ya maamuzi hayo. Ni vizuri kufahamu kiti hicho kinapatikana namna gani, kwa nini watu wanakipigania, na memba wa chini anaweza kuuliza nini mbele ya kutoa sauti yake.

Kazi ya komiti

Kwa kawaida chama kimejengwa kama ngazi. Chini kabisa kuna selile ya avenyu ao ya kartie. Juu yake kuna seksyo, kisha federasyo ya muji, ya teritware ao ya jimbo. Juu kabisa kuna viongozi wa taifa, na wengi wao wanakaa Kinshasa. Majina yanabadilika kutoka chama kimoja hadi kingine: hapa wanasema biro politike, pale komiti ya taifa, kwingine direktwar. Kazi inafanana.

Ku karatasi, mukubwa wa wote ni kongre, maana yake mukutano wa wadelege kutoka kila pembe ya inchi. Lakini kongre inahitaji tiketi za ndege, nyumba za kulala, chakula na sale kubwa. Haiwezi kukutana kila mwezi, na kuna vyama vinavyopitisha miaka mingi bila kuiita. Katikati ya kongre mbili, komiti njo inashika usukani. Inaita mikutano, inafukuza wamemba, inaweka viongozi wa federasyo, inatia sahihi mapatano na vyama vingine. Ndiyo maana mutu anaweza kukosa kuwa depite, lakini akiwa na kiti ndani ya komiti, wadepite wenyewe wanamutafuta.

Majina 38, kisha moja

Mufano wa karibu uko ngambo ya ziwa Tanganyika. Mwaka 2015, chama cha CCM cha Tanzania kilikuwa kinatafuta kandida wake kwa kiti cha raisi. Watu 38 walirudisha fomu. Ndani yao mulikuwa wakubwa wa zamani na mawaziri, na mutu aliyejulikana zaidi ya wote alikuwa Edward Lowassa, waziri mukuu wa zamani. Mwezi wa Julai, kule Dodoma, Kamati Kuu ilikaa na kuacha majina 5 tu. Jina la Lowassa halikuwemo. Halmashauri Kuu ya Taifa ikapunguza majina 5 hadi 3: John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Ndipo Mukutano Mukuu ukapiga kura na kumuchukua Magufuli, ambaye alikuwa raisi wa Tanzania mwezi wa Novemba mwaka ule ule.

Watu wengi wanakumbuka kura za Watanzania za mwezi wa Oktoba 2015. Lakini mbele ya mwananchi kufika ku sanduku la kura, watu wachache walikuwa wamekwisha kukata majina 35. Lowassa aliingia upinzani na akapata karibu kura 40 kwa mia. Kukatwa na komiti hakukumaanisha kwamba raia hawamutaki.

Afrika ya Kusini inaonyesha upande mwingine: komiti inaweza pia kuondoa. Mwezi wa Desemba 2007, kule Polokwane, wadelege wa chama cha ANC walimuchagua Jacob Zuma kuwa prezida wa chama kwa kura 2.329, Thabo Mbeki, aliyekuwa raisi wa inchi, alipata 1.505. Ku mukutano ule ule walichagua pia komiti kuu ya taifa. Watu wengi walitazama tu mapambano ya Zuma na Mbeki. Lakini miezi 9 baadaye, Septemba 2008, ile komiti njo ilikaa na kumwambia Mbeki aache uraisi wa inchi. Akaacha. Februari 2018 komiti ya wakati huo ikafanya vile vile kwa Zuma mwenyewe. Mara zote mbili, raia wa kawaida hawakupiga kura yoyote.

Kwetu, komiti inapita ku mlango wa liste

Hapa Kongo, nguvu ya komiti inaonekana zaidi wakati wa kupeleka liste ku CENI. Kandida huru anaweza kujitokeza, ni kweli. Lakini sheria za uchaguzi za miaka ya karibu zimeufanya uzito wa chama kuwa mukubwa zaidi.

Jambo la kwanza ni kizingiti cha 1 kwa mia, kilicholetwa na mageuzi ya sheria ya mwaka 2017. Kwa uchaguzi wa wadepite wa taifa, liste inapashwa kufikisha 1 kwa mia ya kura zote za inchi nzima mbele ya kuingia katika hesabu ya kugawa viti. Hiyo inamaanisha nini kwa mutu wa Uvira? Anaweza kuwa na kura nyingi kuliko wenzake wote wa muji, lakini chama chake kisipofikisha kizingiti kule Ekwateri, Kasai na Kinshasa, kiti kinaenda kwa mwingine. Ndiyo sababu vyama vidogo vinajiunga katika miungano mikubwa mbele ya uchaguzi. Na nani anaamua chama kiingie muungano gani? Komiti ya taifa.

Jambo la pili ni sheria ya mwezi wa Juni 2022, inayoomba chama ao muungano ufikishe makandida kwa 60 kwa mia ya viti vinavyogombewa, kama sivyo liste zake hazipokelewi. Hapo tena, chama kisichokuwa na viongozi wenye kujipanga kinawaacha makandida wake wa majimbo bila kitu, hata kama wao wenyewe wamefanya kazi nzuri.

Kwa hiyo, wakati kandida anapokuja kuomba kiti cha komiti, anaomba kuwa mumoja wa watu watakaoamua kura ya kijiji chako iangukie wapi.

Njia ine za kuingia ndani ya komiti

Sheria namba 04/002 ya tarehe 15 Machi 2004, inayopanga maisha ya vyama vya politike, inaomba chama kiwe cha taifa zima: hakiwezi kujitambulisha na jamaa moja, kabila moja, dini moja ao jimbo moja. Katiba nayo, katika artikle ya 6, inaomba vyama viheshimu demokrasia ya vyama vingi. Lakini namna komiti inavyopatikana, idadi ya viti na urefu wa mandati, mambo hayo mengi yanaachwa kwa statuti za kila chama. Ukitazama namna vyama vinavyotenda, utaona njia ine.

Ya kwanza ni kura ya siri. Wadelege wanapewa karatasi, wanaandika ao wanatia alama, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, hesabu inasomwa. Hapo kandida anapashwa kushawishi watu wengi, na anajua kwamba watu hao wanaweza kumuangusha siku nyingine.

Ya pili ni makofi. Liste imekwisha kuandikwa usiku, asubuhi inasomwa ku mikro, sale inapiga makofi, na kazi imekwisha. Wanasema ni makubaliano. Inaweza kuwa makubaliano ya kweli, lakini inaweza pia kuwa woga. Hakuna anayehesabu mikono ambayo haikupiga makofi.

Ya tatu ni kuwekwa na mukubwa. Prezida wa chama, ao yule anayeitwa «otorite moral», anatia sahihi ku desizyo na majina yanatoka. Aliyewekwa kwa kalamu anaondoka kwa kalamu. Hawezi kumupinga aliyemuweka, hata pale federasyo yake inapolia.

Ya ine ni kuingia kwa sababu ya kazi: wadepite, maseneta, mawaziri ao waanzilishi wa chama wanahesabiwa kuwa wamemba wa komiti moja kwa moja. Njia hiyo inaleta watu wenye uzoefu, lakini inajaza viti na watu ambao hawakuombwa kamwe kujieleza mbele ya seksyo.

Katika chama kimoja, njia hizo zinaweza kuchanganyika. Basi kandida akisema «nichagueni», jambo la kwanza ni kujua kama kiti anachokisema kinachaguliwa kweli, ao kama anatafuta tu watu wa kumusindikiza mbele ya mukubwa atakayemuweka.

Kongo ilijaribu, mwaka 1977

Wazee wengine watakumbuka. Wakati wa chama kimoja, MPR ya Mobutu, iliyoanzishwa mwaka 1967, kila Muzairwa alihesabiwa kuwa memba tangu kuzaliwa. Chombo cha kuongoza kilikuwa biro politike, na wamemba wake waliwekwa na Mobutu.

Kisha vikaja vita vya Shaba vya mwaka 1977. Utawala ulitikisika, marafiki wa inje wakaomba mabadiliko, na Mobutu akafungua mlango kidogo: kati ya viti 30 vya biro politike, 18 vikawekwa kwa kura ya raia, vingine 12 akabaki navyo. Inchi ilikuwa na rejyo 8 pamoja na Kinshasa, kwa hiyo kila moja ikapata viti 2. Kivu, ambayo wakati huo ilikuwa rejyo moja iliyoshika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema ya leo, ilichagua watu wake 2 kama wengine.

Mlango haukukaa wazi. Mwaka 1980 Mobutu aliondoa kura hiyo na kurudia kuweka wamemba wa biro yeye mwenyewe. Mwaka ule ule akaunda komiti kuu yenye watu zaidi ya 100, nao pia wa kuchaguliwa na yeye. Viti viliongezeka, lakini sauti ya raia ilikwisha. Mwisho wa mwaka 1980, wabunge 13 walimwandikia barua ndefu ya kumulaumu kuhusu utawala wake, na kati yao ndimo walimotoka waanzilishi wa UDPS, mwezi wa Februari 1982.

Historia hiyo ina funzo moja la kushika: wingi wa viti hauonyeshi demokrasia ya chama. Komiti ya watu 18 waliochaguliwa inaweza kumusumbua mukubwa kuliko komiti ya watu 100 waliowekwa naye.

Wakati chombo kimoja kinasema ndiyo na kingine kinasema hapana

UDPS yenyewe, iliyozaliwa katika upinzani ule, imepitia majaribu yake. Etienne Tshisekedi alikufa tarehe 1 Februari 2017. Tarehe 31 Machi 2018 kongre ilikaa Kinshasa, ikamuchagua mwana wake Félix Tshisekedi kuwa prezida wa chama, kwa karibu kura zote. Mwezi wa Januari 2019 akaapishwa kuwa raisi wa Jamhuri. Hapo artikle ya 96 ya Katiba ikaingia: raisi wa Jamhuri hawezi kuwa na madaraka ndani ya chama cha politike. Kiti kikabaki mikononi mwa wakaimu.

Kiti cha kaimu kinaleta shida ambayo si ya UDPS peke yake. Kaimu hakuchaguliwa na kongre kwa kazi hiyo, basi kila upande unaweza kusema hana nguvu. Jean-Marc Kabund, aliyekuwa kaimu wa kwanza, aliondolewa mwanzo wa mwaka 2022. Mwezi wa Agosti 2024, chombo kimoja cha chama kilitangaza kumuondoa katibu mukuu Augustin Kabuya na kumuweka Déogratias Bizibu pahali pake. Upande wa Kabuya ukakataa, ukisema chombo hicho hakina ruhusa ya kufanya vile. Wamemba wa federasyo, mbali na Kinshasa, walibaki kujiuliza barua ya nani njo ya kusomwa ku mukutano.

Vyama vingine vilipasuka kabisa. Septemba 2015, vyama 7 vilivyokuwa pamoja na serikali ya Joseph Kabila, vilivyoitwa G7, vilitoka ndani ya muungano wake. Muda mufupi baadaye, wamemba wengine wa vyama hivyo waliobaki upande wa serikali wakajitokeza na mabawa yenye majina yale yale. Tangu hapo, maneno «bawa la fulani» yamekuwa ya kawaida masikioni mwa Wakongomani.

Mabawa hayo yanapata nafasi hasa pale ambapo hakuna kongre ya karibu, hakuna hesabu ya kura iliyosomwa mbele ya wote, na statuti ziko ndani ya sanduku la mutu mumoja. Pale ambapo kila delege aliona hesabu, ni vigumu zaidi mutu kuamuka asubuhi na kusema «mimi njo prezida».

Namna ANC inavyochagua

Ili kuona tofauti, ni vizuri kurudi Afrika ya Kusini, kwa sababu ANC inapiga kura ya siri na kusoma hesabu mbele ya inchi nzima. Kila miaka 5 inafanya kongre. Kazi inaanzia ku tawi, si ku sale ya kongre. Tawi linapashwa kuwa na wamemba si chini ya 100 wenye kulipa kotizasyo. Linaita mukutano, na nusu ya wamemba isipofika, mukutano hauna nguvu. Hapo njo majina ya makandida yanatajwa kwanza. Karibu wadelege 9 kati ya 10 wanatoka katika matawi, kulingana na wingi wa wamemba.

Mutu anayetaka kiti ndani ya komiti kuu anapashwa kuwa amelipa kotizasyo na kuwa memba kwa miaka 10 mbele. Wanawake wanapashwa kupata nusu ya viti. Desemba 2022, kule Johannesburg, wadelege walichagua kwanza wakubwa 7 wa chama: Cyril Ramaphosa alipata kura 2.476, Zweli Mkhize 1.897. Kisha wakachagua watu wengine 80 wa kukaa nao ndani ya komiti.

Si kwamba kila kitu kule ni safi. Wadelege wanatembea na liste zilizoandikwa mbele na makundi, «ukichagua huyu, chagua na hawa». Feza nazo zinatembea: kampeni ya Ramaphosa ya mwaka 2017 ndani ya chama ilikusanya mamia ya milioni za randi, na mabishano yake yalifika hadi ku korti ya Katiba, ambayo ilitoa uamuzi mwaka 2021. Lakini aliyeshindwa anajua alishindwa kwa kura ngapi, na aliyeshinda anajua ni watu wangapi hawamutaki.

Feza: nani analipa, njo anaamua

Katika vyama vingi vya kwetu, kotizasyo ya memba ni jambo la statuti kuliko la mufuko. Sheria ya mwezi wa Juni 2008 iliweka mupango wa leta kusaidia vyama kwa feza za watu wote, lakini ku ardhi, nyumba ya chama, bendera, mafuta ya gari na tiketi za wadelege mara mingi vinatoka mufukoni mwa kiongozi mumoja. Anayelipa nyumba anashika pia ufunguo wake.

Kwa kandida wa komiti, hiyo inaleta vishawishi viwili. Cha kwanza ni kununua kadi: wiki mbili mbele ya mukutano, anatoa feza na watu 200 wanakuwa wamemba wapya, hata wasiojua rangi ya chama. Cha pili ni kulipia wadelege safari, kisha kuwaomba kura wakiwa mbali na kwao, bila feza ya kurudi. Delege aliyefika kongre kwa tiketi ya kandida ana deni mbele hata ya kusikia hotuba ya mwingine.

Kitu kinachoweza kulinda si kikubwa sana. Kwanza, tarehe ya mwisho ya kuandika wamemba, iwekwe miezi kazaa mbele ya kura. Pili, feza za safari zipite katika kasha la seksyo na ziandikwe ndani ya daftari. Hata franka 500 kwa mwezi, zikitolewa na kila memba, zinampa nguvu ya kusema: chama hiki ni changu pia.

Mashariki: nani anasema kwa niaba ya nani?

Kwa wakaaji wa mashariki kuna shida zaidi. Mwezi wa Desemba 2018, Beni na Butembo hawakupiga kura pamoja na inchi. Walichagua wadepite wao Machi 2019, wakati raisi alikuwa amekwisha kuapishwa. Desemba 2023, teritware za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa kwa wasafiri wa kawaida. Watu wengi walikimbia makwao, na seksyo nyingi zilibaki na jina tu.

Basi chama kikiita kongre Kinshasa, nani anakwenda kwa jina la Masisi? Mara mingi ni mutu anayekaa Kinshasa tangu miaka, mwenye asili ya Masisi. Anaweza kuwa mutu mwema na mwenye akili. Lakini hakuchaguliwa na wale anaowasemea, na hawana namna ya kumuuliza. Wakati raia hana kura ya leta, kiti ndani ya komiti ya chama kinakuwa moja ya milango michache iliyobaki. Kikitolewa bila kuwaomba watu wa pale, na mlango huo unafungwa.

Chama kinaweza kufanya jambo fulani hata wakati wa vita. Kinaweza kuandika ndani ya statuti kwamba viti vya jimbo vinachaguliwa na wamemba wa jimbo lenyewe. Kinaweza kuruhusu wamemba waliokimbia kukutana pale walipo, kama walivyojipanga wakimbizi wengi kwa kijiji na kwa grupma, na kutuma jina. Na kinaweza kuacha kiti wazi mpaka watu wapate kukutana, kuliko kukijaza kwa haraka. Kiti kilicho wazi kinakumbusha kwamba kuna watu wanaokosekana.

Wanawake nao wanapashwa kuhesabiwa hapo. Katiba, artikle ya 14, inaomba usawa wa wanawake na wanaume ndani ya vyombo vya inchi, na sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe malipo ya kosyo kwa liste yenye wanawake nusu. Lakini wanawake hawafiki ku liste kama komiti inayoiandika ni ya wanaume watupu. Ku seksyo nyingi, wa mama njo wanajaza mikutano, wanapika, wanaimba. Wakati wa kuandika majina, wanawekwa «mwenye kuhusika na mambo ya wanawake», na viti vya feza na vya uchaguzi vinaenda kwa wengine.

Maswali ya kumuuliza kandida

Hakuna haja ya kuwa mwanasheria. Memba wa selile, hata asiye na kadi ambaye kandida anamuomba musaada, anaweza kuuliza maswali sita haya, na kusikiliza vizuri majibu.

Kiti unachotafuta kinachaguliwa na nani: kongre, federasyo, ao prezida wa chama peke yake?

Kura itakuwa ya siri ao ya makofi, na nani atahesabu?

Mandati ni ya miaka mingapi, na nani ana ruhusa ya kukuondoa mbele haijaisha?

Nani analipa kampeni yako, na nani atalipa safari ya wadelege wetu?

Siku komiti itaandika liste ya wadepite ya teritware yetu, utakuja kutuuliza mbele ao utatuletea liste imekwisha?

Unaweza kutuonyesha statuti za chama, na kutuachia kopi moja?

Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini linatenganisha makandida upesi. Chama kilichopata ruhusa kutoka ministeri ya mambo ya ndani kina statuti zilizoandikwa. Si siri. Kandida asiyezisoma hajui ni kazi gani anaomba. Na yule anayezificha, seksyo inaweza kurudisha kinywaji chake na kungojea mwingine atakayekuja na karatasi mukononi.